Safu ya Maumivu Ilikuwa ya Nani

Nimestaafu, lakini mkono wangu bado haujapata habari. Juzi jirani alikuja kunisimulia kwamba kuku wake mmoja amezubaa tangu asubuhi, nami kabla sijajitambua nimeshika kalamu, nauliza amekula nini, amekunywa, choo chake kikoje. Jirani akanitazama, kisha akasema, "Mama Paskalina, mimi nilikuja kuazima sufuria."

Ndivyo kazi inavyomkaa mtu mwilini. Miaka yangu yote nimekuwa mhudumu kwenye makao ya wazee hapa Rhotia, yale ya kilimani yanayoendeshwa na masista, yenye shamba la mahindi na maharage nyuma yake. Nyie vijana mnaotoka kwenye kozi za uhudumu na uuguzi mnapita hapa kwangu, mnakunywa chai yangu na mnaniuliza maswali. Wiki hii mmoja wenu kaniuliza: nesi wa tiba shufaa akija kwenye makao, nani anaandika nini kwenye faili la mgonjwa?

Kwa asiyejua, tiba shufaa ni ile huduma ya kumtuliza mtu maumivu pale ambapo ugonjwa wenyewe hauponi tena. Hospitali inamtuma nesi wake, anakuja na gari mara moja kwa wiki, anamwona mgonjwa, anaandika, anaondoka. Sisi wa makao tunabaki na mgonjwa huyo huyo siku zote zilizobaki, na sisi pia tunaandika. Mgonjwa mmoja, kalamu mbili. Swali linaonekana dogo, eti? Kaeni vizuri, niwaambie lilivyotutoa jasho.

Lakini kwanza mnijue. Nilimaliza darasa la saba nikiwa na ndoto nyingi kuliko madaftari. Nilitaka kuwa dereva wa watalii. Magari yale ya rangi ya udongo yalipopita barabara kuu kuelekea Ngorongoro, nilisimama na jembe langu nikayapungia, nikajiona nimekaa mbele na kofia pana, nawaonyesha wageni faru. Kazi ya wazee niliichukua kwa muda tu, nikiingojea ile ya faru. Nikaingojea hivyo hivyo mpaka nimestaafu, na wala sisikitiki, kwa sababu wazee wana visa kuliko faru, tena wanajibu ukiwasalimu.

Aliyenifundisha kuandika ni Sista Imelda, mkuu wa makao yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kwaya na macho ya mwalimu wa zamu. Siku zangu za mwanzo nilikuwa naandika vitu vya ajabu. Kuna bibi mmoja alicheka sana siku hiyo, nami nikaandika kwenye faili lake kwamba leo anang'aa kama bonde la Manyara mvua ikishanyesha. Sista akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Paskalina, amekunywa uji?"

Nikasema sijui, Sista.

"Andika kwanza uji. Bonde la Manyara litafuata."

Nilicheka, lakini neno hilo nimelishika. Kalamu ya mhudumu inaandika kilichoonekana. Kabakiza nusu kikombe, andika nusu kikombe. Kakunja uso ulipomgeuza upande wa kulia, andika kakunja uso, na upande ni upi. Usiandike "anaendelea vizuri." Mwenzako wa zamu inayofuata hawezi kufanya kazi na maneno hayo, ni sawa na kumkabidhi ndoo isiyo na maji.

Sasa turudi kwenye kalamu mbili. Nesi wa tiba shufaa wa wakati wetu aliitwa Hawa, binti wa mwenye duka la vitenge pale Karatu mjini. Mrembo, mwepesi, anatembea kama mtu anayeitwa na watu watatu kwa mpigo, na kweli alikuwa anaitwa, maana akitoka kwetu alikuwa na wagonjwa wengine kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, na barabara ya huko mnaijua. Dereva wake, Bwana Tluway, alikuwa hazimi gari. Anasimama mlangoni injini inanguruma, sisi ndani tunajua muda wetu ni mfupi.

Tuligongana naye kwanza kwenye mambo ya choo. Msicheke. Mgonjwa anayetumia mofini, ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu, tumbo lake hufunga. Lazima apewe na dawa ya kulainisha, na lazima mtu aandike choo. Basi siku moja Hawa alimwuliza mhudumu wa asubuhi kama babu fulani amepata choo, akajibiwa ndiyo. Akaniuliza mimi wa mchana, nami nikasema ndiyo. Kilikuwa choo kile kile kimoja, sote tumekisikia kwenye makabidhiano ya zamu. Hawa akaona kumbe mambo ni mazuri kupita kiasi, akaandika vyoo viwili na kuipunguza dawa ya kulainisha. Yule babu alikaa na tumbo gumu kama ngoma mpaka Sista Imelda akaagiza mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, na babu mwenyewe akaapa kutolila papai tena hata mbinguni likigawiwa.

Baada ya kisa hicho wakubwa walikaa, wa makao na wa hospitali, wakachora mpaka. Sisi wa makao tuandike chakula, kuoga, choo, usingizi, na kila dozi tunayompa mgonjwa. Nesi wa shufaa aandike maumivu, na abadilishe dawa. Faili letu likae kabatini ofisini. Faili la Hawa lisafiri na gari. Kila mtu na safu zake, hakuna kuvukiana. Tulifurahi sana. Tulijiona tumepata dawa ya ugomvi, na kweli ugomvi uliisha. Tukawa tunasalimiana na Hawa kwa upendo mkubwa na hatusomeani hata mstari mmoja.

Ndipo akaja Mzee Oloishiro.

Alikuwa Mmasai wa Nainokanoka, kule juu upande wa pili wa kreta ya Ngorongoro, kwenye baridi na ukungu na ng'ombe. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Hospitali ilikuwa imemaliza ya kwake, na kwao hakukuwa na mtu aliyejua kutoa mofini, basi wakamleta kwetu akae kidogo, dawa ikishatulia arudishwe nyumbani. Mrefu, masikio yametobolewa vizuri, shuka lake analikunja mwenyewe. Kila asubuhi aliniamkia kikwao, "Takwenya," nami najibu "Iko," na matamshi yangu, mimi Mwiraqw, yalimfurahisha kila siku kama ndiyo anayasikia mara ya kwanza. Akasema nikiitika, ng'ombe wa jirani wanageuka.

Alikuwa na jambo moja tu. Alitaka kufika kwake akiwa hai, akae mbele ya wanawe, na kwa kinywa chake mwenyewe aseme ng'ombe yupi ni wa nani. Wanawe walikuwa wameshaanza kusemana vibaya juu ya kundi hilo. Mdogo amesema hiki, mkubwa kajibu kile, na habari zilikuwa zinamfikia kwa simu ya mjukuu wake, Nashipai, msichana aliyemaliza kidato cha nne na kufungua kiduka cha sukari na majani ya chai pale pale Nainokanoka. Mzee alikuwa anaisikiliza simu hiyo akiwa ameitenga na sikio, kama inaweza kumwuma. Akishakata ananiambia nikifika mimi watanyamaza, binti. Wananyamaza nikikaa.

Hospitali ikakubali. Kama maumivu yametulia, gari la shufaa litampandisha Nainokanoka siku ambayo Hawa ana safari ya huko. Siku ikapangwa. Mzee akaanza kuongeza kicheko.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Hawa alikuwa na kipimo chake cha maumivu, kile cha mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Unafungua vidole kadiri yanavyozidi, mkono wote ukiwa wazi ni maumivu ya kushindwa. Kila wiki alisimama mlangoni, faili mkononi, nje Tluway ananguruma, akauliza, "Baba, leo vipi?" Na kila wiki mzee alinyanyua ngumi. Ngumi safi, kubwa, ya mtu aliyeshika fimbo maisha yake yote. Hawa anaandika sifuri, anatabasamu, anaondoka.

Na mimi kwenye faili letu, safu ya usingizi, nilikuwa naandika: hakulala. Amekaa ameshika chuma cha kitanda. Hakulala. Alilala kidogo alfajiri. Asubuhi nikimgeuza nimwoshe anaiuma pembe ya shuka mpaka nimalize. Nililiandika na hilo, kwenye safu ya kuoga, kwa sababu safu ya maumivu sikuwa nayo. Faili la Hawa linasema mzee mzima, faili letu linasema mzee halali, na mafaili yenyewe hayajawahi kulala meza moja.

Mngeuliza, kwa nini usiseme kwa mdomo? Nilitaka. Asubuhi moja nikiwa namfuta mgongo nikamwambia baba, hii si hali, leo Hawa akija tumweleze. Akanishika mkono. Hakushika kwa nguvu.

"Binti, hilo lisifike kwa yule wa gari."

"Kwa nini, baba?"

"Gari litageuka."

Basi nimesimama na kitambaa cha maji ya moto kinapoa mkononi. Nikisema, nimemnyang'anya ng'ombe wake na wanawe na kile kikao. Nikinyamaza, namsindikiza na dozi ndogo kwenye barabara ile ya mawe, mgongo ule. Mimi ni mtu wa machozi ya karibu, mnanijua. Nikaenda kuyamwaga jikoni kwenye sufuria ya maharage, mpishi akaniambia niongeze na chumvi basi.

Nikamfuata Sista Imelda. Nikamweleza yote, na nikamalizia kwamba Hawa akisoma faili letu safari imekufa. Sista alikuwa anapanga shuka. Hakuacha kupanga.

"Na asiposoma? Mzee atafika kwake akiwa anapiga kelele. Mbele ya wanawe. Hicho ndicho kikao anachokitaka?"

Nikachukua shuka moja, nami nikaanza kukunja.

"Ukamwekee Hawa faili letu mkononi kabla hajashika kalamu. Mwambie mimi ndiye niliyesema."

Siku ya Hawa ikafika, na ilikuwa ndiyo siku ya kumpa mzee ruhusa ya mwisho. Akaingia kwa mwendo wake ule. "Baba, leo vipi?" Ngumi ikapanda. Hawa akafungua kalamu. Mimi nikanyoosha faili letu, nimelifungua kwenye safu ya usingizi.

"Dada Paskalina, maumivu ni safu yangu," akasema. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka. "Tulishakubaliana."

"Ni safu yako, nesi. Mgongo ndio si wako wala wangu."

Akanitazama. Akatazama faili. Akasoma ukurasa mmoja, akafunua nyuma, akafunua tena nyuma. Akamtazama mzee, na ngumi bado ipo juu, imeanza kuchoka. Kisha Hawa akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Alitoka mpaka mlangoni akamwambia Tluway azime gari.

Wanangu, sikujua kwamba ukimya unaweza kuwa mzuri hivyo. Injini ikakatika, tukasikia kuku wa masista, tukasikia upepo kwenye mahindi. Hawa akavuta kiti, akakaa, akaomba chai. Nikaleta chai ya maziwa vikombe vitatu, na cha nne cha Tluway, ambaye alikuwa amefungua boneti ya gari kwa mshangao wa kukosa kazi.

Sasa angalieni sisi watu wa huku tulivyo. Mwiraqw, Mmasai, Mswahili wa mjini, ukimwuliza hali atakujibu nzuri. Ana msiba ndani, atakujibu nzuri. Hatudanganyi. Hiyo nzuri ni ya kukufungulia mlango tu, habari yenyewe inakuja ukishakaa, ukishaulizwa na wewe ya kwako, kikombe kikiwa nusu. Sote watatu mle chumbani tumelelewa hivyo. Na sote watatu tulikuwa tunafanya kazi kama vile hatujalelewa na mtu.

Mzee akauliza mvua za Karatu. Hawa akamweleza. Akauliza duka la baba yake, Hawa akasema vitenge vinatoka, wateja wanalalamika, kama kawaida yao. Mzee akasimulia fisi mmoja aliyewasumbua zamani, kisa kirefu, fisi huyo naona mpaka leo hajakamatwa. Chai ikashuka. Ndipo akaweka kikombe chini taratibu.

"Mgongo huu," akasema, "siku hizi umekuwa na tabia."

Hawa hakugusa kalamu. Akauliza tabia gani, baba. Na mzee akasema. Unaanzia wapi, unashukia mguu upi, unazidi saa ngapi, kiti gani anaweza na kipi hawezi. Alipomaliza Hawa akamwomba aonyeshe kwa mkono. Mzee akafungua vidole vyote vitano. Akafikiri. Akafungua na vya mkono wa pili, ambao kwenye kipimo chetu haumo.

Akaishusha mikono yote miwili kwenye magoti. "Haya, mmeshajua. Safari basi?"

Hawa akafuta macho kwa mtandio wake, kisha akacheka, na alipocheka nami nikaanza kulia, kwa hiyo Sista Imelda aliyekuwa anapita akaingia kuangalia nani amekufa.

"Baba," Hawa akasema, "nani kakwambia mwenye maumivu hasafiri? Ningekuwa nayajua haya, dawa ingekuwa imepanda zamani. Sasa hivi ungekuwa kwako unagombana na fisi wako."

Mimi na mzee tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua hilo. Tulidhani maumivu ni kosa, ukikamatwa nalo unarudishwa. Kumbe dozi inapanda, mtu anaangaliwa siku chache kama imemkaa vizuri, halafu anaondoka na chupa yake. Hawa alilijua hilo tangu chuoni na hakuwa na habari ya kulifanyia kazi. Sisi tulikuwa na habari, tukawa hatujui ya nini. Akampigia daktari simu pale pale, akamsomea maneno ya faili letu, hakulala, ameshika chuma, ameuma shuka. Dozi ikapanda. Safari ikasogezwa wiki moja.

Na hiyo wiki ndiyo iliyotufundisha kazi. Hawa alichora fomu moja kubwa, tukaitundika kwa kamba kwenye kitanda cha mzee, ya makao na ya hospitali kwa pamoja. Anayetoa dawa ndiye anayeandika, hapo hapo amesimama, kabla hajaweka kijiko chini. Msingoje mwisho wa zamu, mwisho wa zamu mtu anaandika anachokitamani. Kila dozi inatanguliwa na mkono wa mzee, vidole vingapi, na baada ya dawa kufanya kazi unarudi kuuliza tena. Mhudumu anaandika alichokiona na kuambiwa, pamoja na jina lake. Nesi anasoma yote kabla ya kuandika, na akibadilisha dawa anaandika kwa nini, kwa Kiswahili, herufi zinazosomeka, maana mwandiko wa Hawa zamani ulikuwa kama njia ya mchwa. Mambo mawili yakipishana kwenye fomu, hakuna anayefuta la mwenzake. Mnapigiana simu.

Mkaguzi mkuu wa fomu akawa mzee mwenyewe. Hajui kusoma, lakini vile vyumba vya mraba alivielewa mara moja. Alisema ni maboma. Alama ya dozi ni ng'ombe ameingia. Wahudumu vijana wakichelewa, anawaita. "Boma la saa nane halina ng'ombe. Kaliwa na nani?" Mhudumu anakimbia. Nimefanya kazi na wakaguzi wa wilaya, hakuna aliyetutisha kama yule.

Dozi ikamkaa. Siku ya nne hivi niliingia asubuhi nikamkuta amelala, mdomo wazi, mkono umeachia chuma cha kitanda. Sikumwamsha kumwosha. Niliandika: amelala. Nikakaa pembeni kidogo nalitazama neno hilo, na ingekuwa zamani ningeliongezea na bonde la Manyara.

Safari nilikwenda na mimi, Sista alinipa ruhusa. Tulimlaza kwenye magodoro mawili nyuma ya gari, mito huku na huku. Tluway aliendesha kama amebeba mayai ya kanisa. Magari ya watalii yanatupita moja baada ya jingine, na kila likipita mzee anamwuliza Tluway kama ameshamaliza kuomba dua ili tuondoke. Kwenye geti la Lodoare, la kuingilia hifadhi, ukungu ukatupokea. Tulipofika ukingo wa kreta hatukuona chochote, weupe mtupu, nami nikatoa mkono dirishani nikawaonyesha faru wasiokuwapo, Hawa akacheka mpaka akamwaga maji. Mimi nimeshakuwa dereva wa watalii, wanangu, kwa dakika chache, bila usukani.

Saa ya dozi ilitukuta kwenye mawe, kabla ya kufika Nainokanoka. Tluway akasimama. Hawa akapima dawa, mimi nikashika kichwa cha mzee. Vidole viwili. Hawa akaandika dozi, akanipa fomu niandike viwili. Ng'ombe wakapita mbele ya gari, na mzee akanyanyua shingo kuwasikiliza kengele, akasema hao si wangu, twende.

Kwake walikuwa wamekusanyika. Wanawe wamesimama mbali mbali, kila mmoja na fimbo yake na uso wake. Tukamshusha. Akakataa kubebwa hatua za mwisho. Akatembea, Hawa kulia mimi kushoto, tumeambiwa tushike lakini tusionekane tunashika, na hilo pia ni ujuzi wa kazi, jifunzeni. Akakaa kwenye kigoda chake. Mgongo wima. Wanawe wakaja mmoja mmoja wakainamisha vichwa, akawagusa. Wakanyamaza, kama alivyosema.

Ng'ombe wakapitishwa. Alisema mchana mzima, kwa Kimasai, kwa jina la kila ng'ombe na rangi na mama yake, na huyu wa nani, na yule wa nani. Sikuelewa neno, lakini nilikuwa naangalia nyuso, na niliona mtoto mkubwa akiteremsha fimbo yake chini kisha akakaa karibu na mdogo. Katikati saa ya dozi ikafika. Hawa akasogea na kijiko. Mzee akanywa mbele ya wote, akafuta mdomo, akaendelea pale alipokuwa amekatiza.

Nashipai ndiye aliyepokea dawa na fomu mpya. Tulikaa naye kwenye boneti ya gari, tukamfundisha: mkono kwanza, kijiko, andika, halafu urudi umwulize. Na akisema hajambo, keti umngojee. Aliandika vizuri kuliko sisi wote. Wiki zilizofuata Hawa akawa anapata maumivu ya mzee kwa simu ya Nashipai na kumpigia Sista, na Sista ananiambia mimi, na sote watatu tunajua vidole vingapi leo kule juu. Vingi vilikuwa viwili, au kimoja. Aliishi mpaka mahindi yetu ya Rhotia yalipotoa mbelewele, na akafa kwake, wanawe wapo ndani wote.

Lakini siku ile ya boneti, kabla hatujaondoka, Hawa aliandika upande wake: dozi imetolewa, mgonjwa ametulia. Mimi nikaandika upande wangu: amekaa wima mchana wote, ametaja ng'ombe wake wote, amecheka. Nashipai akasoma, akatuuliza kama karatasi hiyo inafika kwa daktari. Tukasema inafika. Akamgeukia babu yake, pale kwenye kigoda, akamwita kwa sauti, na kwa Kiswahili ili tushuhudie.

"Babu, waandike na yule mtamba mwekundu ni wangu?"

Wajomba zake wote wakageuka. Mzee akamtazama yule mtamba, akamtazama mjukuu wake na kalamu yangu mkononi mwake.

"Andikeni," akasema.

Tukaandika, chini kabisa ya fomu, mwandiko wa Nashipai, saini yangu, saini ya Hawa. Wiki iliyofuata karatasi ilirudi kutoka hospitali. Daktari alikuwa ameisoma yote mpaka chini, na pembeni ya mtamba mwekundu alikuwa ameweka alama ya vema na kutia saini.